Umeme wa Kidatu, Gitaa la Ifakara: Amplifaya ya Zamani au ya Kisasa?

Mitambo ya kwanza ya Kidatu ilianza kufua umeme mwaka 1975. Nyaya ziliondoka bondeni zikaelekea Morogoro na Dar es Salaam, na kufikia 1980 kituo kilikuwa na mitambo minne yenye uwezo wa megawati 204, kikawa mhimili wa gridi ya Taifa kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba gitaa la solo lililolia ukumbi wa DDC Kariakoo usiku wa Jumamosi, bendi ya Mlimani Park ikiwa jukwaani, lilikuwa linakula maji ya mto Ruaha Mkuu. Vijiji vingi vya bonde la Kilombero, jirani kabisa na mitambo hiyo, vilibaki na koroboi. Dansi likifika huko lilikuja na jenereta yake juu ya lori.

Naanza na umeme makusudi. Mabishano ya wapiga gitaa kuhusu amplifaya, kwamba ya zamani ndiyo yenye sauti au ya kisasa yenye geini (ukuzaji) kubwa ndiyo kiboko, yalizaliwa katika nchi ambako mtu huchomeka waya ukutani akasahau. Sasa yametufikia kwa simu za mkononi. Kijana anayepiga gitaa kwenye kwaya hapa Ifakara anayajua majina ya Marshall, Mesa/Boogie, Peavey na Soldano kama anavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga, ingawa nyingi kati ya amplifaya hizo hajawahi kuziona kwa macho. Akiuza mpunga vizuri, swali lake ni moja: ninunue ipi? Jibu ninalo, ila kwanza tuelewane kinachobishaniwa ni nini.

Sumaku zilizo chini ya nyuzi za gitaa hutoa umeme kidogo mno, mara nyingi haufiki hata volti moja. Amplifaya huukuza kwa hatua, hatua moja ikiikabidhi nyingine, hadi upate nguvu ya kusukuma spika. Kila hatua ina kikomo chake. Ukiilazimisha kupita hapo, vilele vya wimbi hukatwa, na sauti iliyokuwa laini huota meno, yaani mkwaruzo. Wahandisi wa mwanzo waliona hiyo ni hitilafu ya kuondolewa. Wapiga gitaa waliisikia, wakaomba waongezewe.

Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London, alitoa amplifaya yake ya kwanza, JTM45, akisaidiwa na mafundi Ken Bran na Dudley Craven. Mchoro wake ulikuwa karibu wote wa Fender Bassman ya Marekani, ila vipuri vikawa vile vilivyopatikana Uingereza na spika zikawa nyingine. Fundi yeyote wa Kariakoo ataielewa hadithi hiyo bila kurudiwa mara mbili. Mwaka 1965 ikafuata ya wati 100, baada ya Pete Townshend wa The Who kudai sauti kubwa zaidi. Toleo lake maarufu linaitwa 1959. Hiyo ni namba ya modeli tu, na imewaponza wanunuzi wengi wanaodhani ni mwaka wa kutengenezwa.

Hizo ndizo za zamani, na jambo la kwanza la kulijua ni kwamba hazina geini kubwa ndani yake. Hatua za kukuza mwanzoni ni chache. Mkwaruzo wake hutoka mwisho wa safari, pale valvu za nguvu na spika zinapozidiwa, na ili zizidiwe lazima ufungue voliumu karibu yote. Wati 100 zikifunguliwa namna hiyo ndani ya ukumbi wa mabati pale Viwanja Sitini, hata aliyelala ng'ambo ya mto Lumemo atajua leo kuna dansi.

Aliyeugeuza mchezo ni fundi wa California, Randall Smith. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akichukua amplifaya ndogo za Fender Princeton na kuzitia tumbo kubwa kuliko umbo lake. Carlos Santana alikuwa miongoni mwa waliozijaribu mapema, na jina Boogie lilitokana na sifa aliyoitoa papo hapo. Baadaye Smith akaongeza hatua nyingine ya kukuza mwanzoni mwa njia, na kitufe cha kutawala sauti inayotoka mwishoni. Hapo mkwaruzo ukaachana na makelele: unaweza kuwa na meno yote ya simba huku mtoto amelala chumba cha pili.

Valvu ndogo iitwayo ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, ina kipimo cha ukuzaji cha 100, na ndani ya chupa moja zimo mbili. Zipange tatu, nne, tano kwa kufuatana, hata kama unapoteza nguvu nyingi njiani, na mguso mdogo wa uzi unatoka upande wa pili ukiwa ukuta wa sauti. Marshall waliweka kitufe cha namna hiyo kwenye modeli 2203 mwaka 1975, ambayo 1981 iliingizwa katika familia ya JCM800. Soldano SLO-100 ilitoka 1987. Mwaka 1992 zikaja mbili zilizotawala roki nzito kwa miaka iliyofuata: Peavey 5150, iliyoundwa kwa ajili ya Eddie Van Halen, na Dual Rectifier ya Mesa/Boogie.

Do, mi na so

Muziki wa gitaa wa mkoa huu haukujengwa juu ya mkwaruzo. Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanzishwa 1948, ziliufanya mji wa Morogoro kuwa chuo cha dansi nchini. Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz miaka ya 1960, akaenda nayo Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 ya Osaka, akaanzisha Super Volcano 1973, na akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Sikiliza rekodi zake zozote: gitaa la solo ni kali, lina ncha, lakini kila noti inasimama peke yake. Unaweza kuzihesabu.

Wengi husema walipiga hivyo kwa sababu hawakuwa na vyombo bora. Ni kweli vyombo vilikuwa taabu. Fedha za kigeni zilipokauka mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamuziki hakumiliki hata waya. Gitaa, amplifaya na maikrofoni vilikuwa mali ya jumuiya, shirika, jeshi au tajiri mwenye bendi. Ukiwaudhi wenye vyombo, unabaki na vidole vyako. Lakini sababu hiyo haitoshi. Iko nyingine ndani ya muziki wenyewe, na mwanakwaya yeyote anayesoma do, re, mi anaweza kuithibitisha kwa kalamu.

Tuseme do ni mitetemo 440 kwa sekunde. Kwenye gitaa, mi ya juu yake ni takriban 554, na so ni takriban 659. Amplifaya inapokata vilele vya wimbi, noti mbili zinazopigwa pamoja huzaa noti ya tatu isiyopigwa na mtu, na mojawapo ya hizo ni tofauti ya mitetemo yao. Do na so zinazaa 219. Do ya oktavu moja chini ni 220, hivyo mgeni huyo anakaa vizuri mezani na sauti inanenepa. Ndiyo maana wapigaji wa roki nzito hupenda kushika do na so tu. Sasa chukua do na mi: zinazaa 114. Do ya oktavu mbili chini ni 110. Huyo mgeni amekuja na wimbo wake, na anauimba chini kabisa, mahali pa besi.

Dansi letu limejaa do na mi. Mpigaji wa solo hutembea kwa nyuzi mbili mbili, umbali wa noti ya tatu au ya sita, wakati mwenzake wa solo ya pili anajibu na mwenye ridhimu anajaza nafasi zilizobaki. Magitaa matatu, kila moja limeachiwa mlango wake. Washa Dual Rectifier katikati ya mpangilio huo na milango yote inazibwa na matope. Kwa hiyo wazee wetu waliotaka amplifaya safi yenye ncha kali walikuwa wanausikiliza muziki wao vizuri kabisa. Umaskini haukuwa na la kusema hapo.

Hii haina maana kwamba mkwaruzo si wetu. Kinshasa, kundi la Konono N°1 la marehemu Mawangu Mingiedi liliunganisha ala iitwayo likembe na vipaza sauti vilivyoundwa kwa sumaku na vyuma chakavu vya magari. Mkwaruzo uliotoka humo ukawa ndiyo sahihi ya kundi, na dunia ikaunywa kwa hamu ilipotoka albamu ya Congotronics miaka ya 2000. Likembe hupigwa noti moja moja kwa kasi, ndiyo maana iliuhimili. Hata Nairobi kuna vijana wa roki nzito wenye wafuasi wao, na wawili kati yao, Duma, walitoa albamu 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kinachoamua ni unachokipiga. Bendera ya nchi haimo.

Reli ya shaba

Ifakara ina undugu na mkwaruzo ambao wengi hawaujui, nao unapita kituo cha treni. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 zilizojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inakatiza bonde hili kupitia Ifakara na Mlimba hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ili shaba ipate bandari. Miaka ileile reli ikijengwa, vijana wa Zambia walikuwa wakipiga roki ya magitaa yenye ukali ambao Afrika Mashariki haikuuzoea. Bendi ya WITCH ilitoa albamu ya Lazy Bones!! mwaka 1975, na bendi ya Amanaz ikatoa albamu yake Africa mwaka huohuo. Wakusanyaji wa rekodi wa Ulaya na Marekani hivi leo wanazigombea.

Dar es Salaam nako kulikuwa na Sunburst, bendi ya vijana waliochanganya roki, funk na midundo ya kwetu. Albamu yao Ave Africa ilitoka 1976, na lebo ya Strut ya London ikaitoa upya 2016. Nimewapigia wapenzi kadhaa wa dansi nyimbo za bendi hiyo. Wengi hawakuamini kwamba ni ya Dar.

Ukali wa gitaa la Zambia ulikuwa na siri ambayo haikuhitaji amplifaya ya wati 100. Ilikuwa fuzz: kidude cha kukanyaga kwa mguu, kinachowekwa kati ya gitaa na amplifaya. Fuzz Face, iliyotoka 1966 na kuwa miongoni mwa vidude maarufu zaidi vya aina hiyo, ina transista mbili tu na betri ya volti 9. Mkwaruzo wote unatengenezwa humo, na amplifaya inabaki kufanya kazi yake ya kukuza. Ukitaka usafi, unakanyaga tena, kinazima. Kwa bonde ambalo umeme ulikuwa wa jenereta, hakuna ufundi wa busara kuliko huo, na naona ajabu kwamba mabishano ya leo yanauruka na kwenda moja kwa moja kwenye masanduku ya mamilioni.

Volti 230, au pungufu

Umeme wa Tanzania unatakiwa uwe volti 230. Anayepiga gitaa mwisho wa laini ndefu, jioni, mashine za kukoboa zikiwa bado zinanguruma, anajua kwamba 230 ni matumaini. Hapa ndipo amplifaya za zamani na za kisasa zinapoachana kweli kweli, kuliko kwenye sauti.

Ndani ya valvu kuna uzi mdogo unaopashwa moto kwa volti 6.3. Umeme wa ukutani ukishuka kutoka 230 hadi 190, uzi huo unapata takriban 5.2. Valvu haifi, inachoka tu. Volti kubwa za ndani nazo zinashuka, na amplifaya inafika kikomo mapema zaidi, yaani inakwaruza kabla ya kawaida yake. Eddie Van Halen aliipenda hali hiyo kiasi cha kuinunulia kifaa. Albamu yake ya kwanza, ya 1978, inasifiwa kwa sauti aliyoipata kwa Marshall ya zamani aliyoinyima umeme makusudi, akiushusha kutoka volti 120 za Marekani hadi karibu 90. Yeye alilipia. Sisi jioni nyingi tunapewa bure.

Amplifaya za kisasa za miaka ya 1990 hazina uvumilivu huo. Zina chaneli mbili au tatu, swichi za umeme za kuhama kutoka moja hadi nyingine, na saketi za kuziendesha swichi hizo. Volti ikishuka mno, swichi hazishiki, chaneli inaruka katikati ya wimbo, na mpigaji anabaki kutazama mguu wake. Stabilaiza inasaidia, lakini stabilaiza yenye uwezo wa kubeba kichwa cha wati 100 ni mzigo mwingine wa kupakiwa kwenye bajaji.

Na mizigo si jambo dogo huku. Kabla ya daraja la Magufuli la mita 384 kufunguliwa mwaka 2018, bendi ya kwenda Mahenge ilivuka mto Kilombero kwa kivuko, spika zikifunikwa turubai. Barabara sasa ni bora, ila unyevu haujahama. Bonde hili ni ardhi oevu yenye hadhi ya Ramsar tangu 2002, na masika hewa yenyewe inalowesha. Karatasi ya spika inalegea, vitufe vinaanza kukwaruza vyenyewe bila gitaa, na mende wanapenda sana kona yenye transfoma ya uvuguvugu.

Benchi la fundi

Kwenye kibanda cha fundi redio mmoja mjini Ifakara nilishinda asubuhi nikimtazama akishughulika na amplifaya ya transista iliyoletwa kutoka kanisani. Nilipomwamkia alijibu marahaba bila kuinua macho, akanisogezea kigoda kwa mguu. Kabla ya kuichomeka aliiunganisha kupitia globu ya zamani ya wati 100, ile ya uzi wa moto, iliyofungwa njiani kwenye waya wa umeme. Akawasha. Globu ikawaka kwa ukali na kubaki hivyo. Akazima, akatikisa kichwa: kuna shoti ndani, na kama angeichomeka moja kwa moja, transista zingeungua zote. Alizipima moja moja, akaikuta iliyokufa, akaichomoa kwa solda, akaweka mbadala aliyoitoa kwenye sabufa mbovu. Alipowasha tena, globu iliwaka mara moja, ikafifia. Amplifaya ikavuma.

Globu za aina hiyo sasa ni za kutafuta, kwa sababu maduka yanauza za LED, ambazo hazifai kwa kazi hiyo. Yake ameiviringisha kitambaa.

Nilimwonyesha kwenye simu picha ya matumbo ya JTM45. Aliikuza kwa vidole, akaifuata njia ya umeme kutoka tundu la gitaa hadi transfoma ya spika, akitaja kila kipuri: risista, kapasita, valvu, transfoma. Hajawahi kuishika amplifaya hiyo, lakini baada ya dakika chache aliielewa, kwa kuwa vipuri vimepangwa wazi kwenye ubao na kila waya unaonekana unakotoka na unakokwenda. Kisha nikamwonyesha ya kisasa yenye chaneli tatu: mabamba ya saketi yaliyopandana, soketi za valvu zimechomelewa humohumo, joto likiyapika mabamba hayo kila siku. Alinirudishia simu, akaniuliza mchoro wake unapatikana wapi. Swali hilo lilinitosha.

Sitaki kuzipamba za zamani kupita kiasi. Valvu zenyewe hazipatikani Ifakara; siku hizi zinatengenezwa na viwanda vichache, JJ ya Slovakia, kiwanda cha Saratov nchini Urusi, na vya China. Machi 2022, vita ya Ukraine ikiwa na wiki chache, habari kwamba Urusi imezuia kuuza valvu nje ziliwafanya wapiga gitaa wa dunia nzima wakimbilie madukani. Bei za Marshall za miaka ya 1960 ni za wakusanyaji wa kumbukumbu, si za wapiga gitaa. Ninachokisifu ni ubunifu ule: hatua chache, njia iliyo wazi, kipuri kinachobadilishika. Amplifaya ya transista iliyojengwa kwa akili hiyohiyo inastahili sifa hiyohiyo, na ndiyo iliyojaa makanisani kwetu.

Ipi basi?

Kuna kizazi cha tatu ambacho kimeyachanganya mabishano yote, nacho hakina valvu wala mabamba yanayopikwa. Line 6 walitoa POD mwaka 1998, kidude chenye umbo la figo kilichoigiza amplifaya kadhaa kwa hesabu za kompyuta. Fractal wakaja na Axe-Fx 2006, kisha Kemper wa Ujerumani wakaleta mashine inayoisikiliza amplifaya halisi na kuinakili tabia. Quad Cortex ya Neural DSP, kampuni ya Helsinki, ina uzito wa chini ya kilo 2 na imebeba ndani yake mifano ya Marshall, Soldano, 5150 na Rectifier kwa pamoja. Kwa mwenye kompyuta, Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson ni programu ya bure kabisa, na watu wamekwisha kunakili maelfu ya amplifaya kwa ajili yake.

Vifaa vya namna hii vinaingia moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa. Vingi hutumia adapta inayokubali kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukishuka havijui. Kasoro zake ni mbili. Kikifa, fundi wangu wa globu hana la kufanya. Na kinategemea spika za mahali: nakili Soldano kwa ustadi wote, ukiipitisha kwenye spika ya mahubiri iliyochanika utasikia spika iliyochanika.

Hukumu yangu, basi, inaziangukia amplifaya za kizazi cha katikati. Kwa mpiga gitaa wa Ifakara, Mang'ula au Mlimba, kichwa cha valvu chenye chaneli nyingi na geini kubwa, fahari ya miaka ya 1990, ndicho cha mwisho kununua, hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. Ni kizito, kinachagua umeme, valvu zake ni nyingi, na kikiharibika hakuna wa kukitibu karibu. Chaguo la kwanza ni amplifaya rahisi, safi, yenye spika imara, ya valvu chache au ya transista, pamoja na kidude cha kukanyaga kwa siku unayotaka meno. Anayepiga dansi, au sebene kanisani, hatahitaji kingine. Anayetaka roki nzito kwa dhati, na mwenye kompyuta, aanze na programu ya bure kabla ya kutoa hata shilingi, apige hadi ajue ni ipi kati ya hizo sauti anaitaka. Pengine atagundua anachokitaka ni Mbaraka.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye funguo za stoo. Shule, misheni, viwanda, kambi na vilabu vingi vya mkoa huu vilikuwa na bendi, na baadhi ya vyombo vyake bado vimelala chini ya magunia. Ukikuta amplifaya ya zamani, usiichomeke ukutani kuona kama inawaka. Kapasita zilizokaa miaka bila umeme zinaweza kupasuka, na transfoma inayoungua kwa dakika moja haipatikani tena. Kama ni ya valvu, ndani yake kunaweza kuwa na zaidi ya volti 400, na hubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa, kwa hiyo usiingize mkono. Mpelekee kwanza fundi mwenye globu ya wati 100.